Bluu ipi ya OLED uchukue: florosenti, fosforesenti, TADF au zile za boroni, na mwanga mweupe utautoa wapi

Ukianza tu kufuatilia mambo ya OLED (vile vitoa mwanga vya molekuli za kaboni vinavyowaka umeme ukipita, ndo skrini za simu na runinga nyingi) utagundua mapema kwamba nyekundu ilishatulia, kijani ilishatulia, ila bluu ndo inasumbua watu mpaka saivi, na mwanga mweupe nao unasumbuka kwa sababu hiyohiyo maana hakuna nyeupe isiyo na bluu ndani yake. Sasa mtu anataka kuchagua molekuli za kufanyia kazi, anafungua makala moja anaambiwa chukua iridiamu, nyingine inamwambia achana na metali kabisa chukua TADF (molekuli ambayo joto la chumba linaisaidia kutoa mwanga kwa kuchelewa), ya tatu inamuonesha molekuli ya boroni yenye rangi safi ajabu, na kila mmoja ana namba nzuri za kujivunia. Nimekaa na hizi familia muda mrefu na nazipenda zote kiukweli, ila zina tabia tofauti sana, na namba inayowekwa mbele mara nyingi siyo ile itakayokuumiza baadaye.

Kwanza elewa bluu inaumia wapi. Fotoni, yaani chembe moja ya mwanga, ya bluu ya nanomita 460 inabeba kama eV 2.7 (eV ni elektrovolti, kipimo cha nishati), nyekundu ya 630 haifiki hata 2. Bondi dhaifu za kaboni na naitrojeni zilizojaa kwenye molekuli hizi nguvu zake haziko mbali sana na hapo, kwa hiyo molekuli ya bluu muda wote imebeba mzigo unaokaribia kuivunja yenyewe, na hapo tunaongelea eksitoni moja tu, yaani kile kifurushi cha nishati kinachotokea elektroni ikikutana na tundu (nafasi iliyoachwa wazi na elektroni). Eksitoni mbili zikikutana moja ikaikabidhi nyingine nishati yake yote unapata zaidi ya eV 5 juu ya molekuli moja, bondi inakatika, na kile kipande kilichobaki hakitoi mwanga tena bali kinakaa pale kinameza nishati ya majirani. Ndo maana swali langu la kwanza kwa molekuli yoyote ya bluu siyo inawaka kiasi gani, ni je nishati inakaa ndani yake muda gani kabla haijatoka. Kadri inavyokaa ndo nafasi ya kugongana inavyoongezeka.

Halafu kuna ile hesabu ya spini, yaani ile tabia ya elektroni ya kama kujizungusha, ambayo huwezi kuikwepa. Umeme ukitengeneza eksitoni 100, 25 zinakuwa singleti (spini mbili zinapingana) na 75 zinakuwa tripleti (spini zinakubaliana). Molekuli ya kawaida, ndo hiyo florosenti, inatoa mwanga kwa singleti tu, tripleti zinapotea kama joto. Na hata ule mwanga uliopatikana, sehemu kubwa inanaswa ndani ya kioo na matabaka, inayotoka mbele ni kama asilimia 20 hivi kama hujaweka lenzi wala ujanja wowote. Zidisha robo kwa tano moja unapata asilimia 5, na huo ndo ulikuwa ukuta wa florosenti kwa miaka mingi. Familia nyingine zote zilizaliwa kwa ajili ya kuvuka huo ukuta.

Tuanze na florosenti yenyewe basi, kwa sababu watu wanaidharau na siyo haki. Tang na Van Slyke wa Kodak walionesha ile OLED ya matabaka mawili mwaka 1987 kwa Alq3, molekuli ya aluminiamu ambayo ni ya kijani, bluu ya maana ikaja miaka ya 90 na molekuli kama DPVBi ya kampuni ya Idemitsu Kosan, baadaye wakaingia wenyeji wa anthrasini (pete tatu za kaboni zilizoungana) ambao mpaka leo hawajang'oka. Mwenyeji ni ile molekuli iliyojaa kwenye tabaka, dopanti ndo anayewaka akiwa amechanganywa kwa asilimia chache tu, mara nyingi pairini yenye amini. Inatoa mwanga ndani ya nanosekunde chache, imemaliza, haikai na mzigo. Simu na runinga za OLED zimeishi miaka yote hii kwa bluu ya aina hii wakati kijani na nyekundu zilishahamia kwenye fosforesenti.

Na hapa kuna jambo ambalo mi naliona zuri sana. Anthrasini ina tripleti ya chini, kama eV 1.8 tu. Tripleti mbili zikigongana unapata kama 3.6, ambayo inatosha kuzaa singleti moja ya bluu lakini haitoshi kuharibu mambo kama ile 5 na zaidi niliyosema. Yaani mgongano uleule unaoua familia nyingine huku unageuka kuwa mwanga wa ziada. Kwa hesabu ya juu kabisa unaongeza asilimia 37.5 juu ya ile 25 na kufika 62.5. Haifiki 100, ndiyo, ila inakupa ufanisi wa maana bila kuongeza kifo. Ongeza na deteria, yaani unabadilisha haidrojeni ya kawaida na ile nzito, bondi zinakuwa ngumu kukatika na maisha yanarefuka bila rangi kubadilika. LG Display walitangaza paneli zao za OLED.EX mwishoni mwa 2021 zikiwa na deteria kwenye bluu. Ukitaka bluu nzito, ya kweli, inayodumu, hapa ndo kwenye uhakika zaidi mpaka dakika hii.

Sasa fosforesenti. Mwaka 1998 kundi la Forrest na Thompson wa Marekani lilionesha kwamba ukiweka atomu nzito katikati, platinamu, baadaye iridiamu, spini zinachanganyika na tripleti inaruhusiwa kutoa mwanga, kwa hiyo eksitoni zote 100 zinafanya kazi. Kwa kijani na nyekundu hii ilimaliza mjadala. Kwa bluu ilikuja FIrpic, molekuli ya iridiamu, mwaka 2001, na ukiangalia makala nyingi utaona bado inatumika kama kipimo, ila jamani FIrpic siyo bluu ya skrini, ni rangi ya anga. Kilele chake kiko kwenye 470 na kitu lakini mkia wake unaingia kwenye kijani kabisa, namba ya y kwenye koordineti za rangi (ikiwa ndogo ndo bluu inakuwa nzito) inazunguka 0.3, wakati kiwango cha rangi za runinga cha BT.2020 kinataka y ya 0.046. Hilo likague kila mara, neno bluu kwenye kichwa cha makala halina maana mpaka uone y.

Shida ya ndani zaidi ni ule muda. Fosforesenti inakaa na nishati mikrosekunde, mara elfu kuliko florosenti, na tripleti yake iko juu kwenye eV 2.7, kwa hiyo zikigongana mbili unapata 5.4. Linganisha na ile 3.6 ya anthrasini utaona kwanini moja inaishi na nyingine inakufa. Afu mwenyeji naye lazima awe na tripleti ya juu kuliko dopanti la sivyo nishati inarudi kwake, CBP aliyetosha kwa kijani ana kama 2.6 tu kwa hiyo ukahitaji mCP mwenye 2.9, na kila unavyopandisha tripleti ya mwenyeji unalazimika kutumia molekuli fupifupi ambazo nazo ni laini. Ni mnyororo wa matatizo, kila tabaka jirani nalo lazima lipande. Zile florini za kwenye FIrpic zenyewe zinang'oka kwa muda.

Lakini usiifute. Iridiamu zilizoshikwa na ligandi (kile kipande cha kaboni kinachoikumbatia metali) za aina ya kabini (carbene) zimesogea mbele, na platinamu zilizoshikwa pande nne na ligandi moja ndo zimenirudishia matumaini, kwa sababu molekuli haina sehemu ya kuachia kirahisi. Mwaka 2022 watafiti wa Samsung walichapisha bluu ya platinamu iliyodumu zaidi ya saa 1,000 kushuka mpaka asilimia 70 ikianzia kwenye mwangaza wa kandela 1,000 kwa mita ya mraba. Mei 2025 LG Display wakatangaza kwamba wamethibitisha paneli ya bluu ya fosforesenti kwenye kiwango cha kuzalishwa kiwandani, na umeme unaotumika unapungua kama asilimia 15. Ila soma vizuri walivyoifanya: ni ghorofa mbili, chini florosenti juu fosforesenti. Hawajaiachia fosforesenti ibebe mzigo peke yake. Na gharama usiisahau, iridiamu ni kati ya elementi adimu kabisa kwenye ganda la dunia.

TADF ilikuja na ahadi kwamba tutavuna tripleti bila metali. Adachi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kyushu waliiweka wazi mwaka 2012 na molekuli ya 4CzIPN, ambayo ni ya kijani. Wazo ni kwamba unaweka sehemu inayotoa elektroni na sehemu inayopokea, unazikunja zisilale sambamba, pengo kati ya singleti na tripleti linakuwa dogo sana kiasi kwamba joto la chumba tu linatosha kuirudisha tripleti juu kwenye singleti. Upande wa bluu DMAC-DPS ya mwaka 2014 ilifika ufanisi wa nje, yaani fotoni zinazotoka mbele kwa kila elektroni 100 unazoingiza, wa kama asilimia 19 na watu wakashangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Tatizo lake ukishaingia kazini ni mawili. Kwanza rangi ni pana, wigo wake, yaani mtawanyo wa rangi zake, unaweza kuwa na upana wa nanomita 70 mpaka 100 kwa sababu elektroni inahama kutoka upande mmoja wa molekuli kwenda mwingine, kwa hiyo bluu inavuja kwenda kijani, ukiichuja na filta unatupa mwanga uliougharamia. Pili tripleti inasubiri zamu ya kupanda, inasubiri mikrosekunde, wakati mwingine zaidi ya fosforesenti, na zile bondi za salfoni (kundi lenye salfa) ambazo zinapendwa sana kwenye bluu za TADF ni dhaifu. Kwa hiyo ule ufanisi mzuri wa mwanzoni unaanguka ukipandisha mwangaza na maisha yanakuwa mafupi. Kama unajifunza, kama unataka kuelewa fotofizikia, au unatafuta kitu cha kutengeneza maabara bila kununua metali ghali, TADF ni nzuri mno, nitakushauri uanze nayo. Kwa skrini kama mtoa mwanga wa mwisho, hapana.

Familia ya nne ndo inayonikosesha usingizi kwa furaha. Hatakeyama na wenzake wa Japani walitoa DABNA mwaka 2016, boroni na naitrojeni zimepangwa kwenye pete ngumu moja kiasi kwamba elektroni haihami mbali, inaruka tu kutoka atomu moja kwenda jirani yake, na molekuli yenyewe haijikunji wala kutikisika sana. Matokeo yake ni wigo mwembamba. ν-DABNA ya mwaka 2019 ina kilele kwenye nanomita 469, upana nanomita 18 tu, ufanisi wa nje asilimia 34.4. Utajiuliza 34 inatokaje wakati nimesema 20 ndo inatoka mbele, ni kwa sababu molekuli ni bapa, zinalala chali kwenye tabaka na mwanga wake mwingi unaelekea nje badala ya kukimbilia pembeni. Hakuna filta inayohitajika hapo, rangi imetoka imeshakatwa.

Ila nayo ina adabu zake. Hiyo 34.4 ni ya kilele, kwenye kandela 1,000 inashuka mpaka kama 26, na bado ni kubwa lakini ujue. Boroni nyingi za aina hii tripleti zake zinapanda polepole kwa hiyo ukizitegemea zivune zenyewe utapata anguko kubwa kwenye mwangaza wa juu. Na kwa sababu ni bapa zinapenda kubebana, ukizidisha mchanganyiko zinazimana, kwa hiyo unakaa kwenye asilimia 1 hivi. Kuzitengeneza mara nyingi kunahitaji boroni traibromaidi, ambayo inagombana na maji vibaya, hewa ya unyevu tu inatosha kuifanya ifuke moshi, usiiguse bila mtu anayejua.

Kwa hiyo watu wakapata njia ya kugawana kazi. Tripleti zivunwe na molekuli nyingine, TADF au fosforesenti, afu nishati ikabidhiwe haraka kwa boroni ambayo inatoa mwanga kwa rangi safi. Wazo la kuvuna kwa TADF na kuwakisha kwa florosenti lilichapishwa na kundi la Kyushu mwaka 2014. Nalipenda kwa sababu linapunguza ule muda wa kukaa na mzigo, mvunaji anautua mzigo kabla hajagongwa. Ugumu wake ni tabaka moja lenye molekuli tatu, na viwango vyote vitatu lazima vikae sawa wakati wa kuyeyusha kwenye vakyumu, ukikosea kidogo tripleti inamrukia boroni moja kwa moja na inakaa pale.

Polima, yaani molekuli ndefu za mnyororo, sitakaa nazo sana. Polifluorini ni bluu nzuri na unaweza kuichapisha kama wino, ila oksijeni ikishika kile kiungo cha kona inazaliwa fluorenoni na bluu yako inageuka kijani mbele ya macho yako. Kuna njia ya kuikinga kwa kuweka muundo wa spairo (pete mbili zinazoshikana kwenye atomu moja ya kona), inasaidia. Kwa majaribio ya kuchapisha chukua, kwa maisha marefu molekuli ndogo bado ziko mbele.

Sasa nyeupe. Kido na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yamagata walionesha nyeupe ya matabaka katikati ya miaka ya 90, na tangu hapo swali ni lilelile, utachanganya nini na nini. Ukiweka florosenti zote utapata maisha lakini umeme unapotea. Ukiweka fosforesenti zote utapata ufanisi, kundi la Dresden, Ujerumani, mwaka 2009 lilifika lumeni 90 kwa wati kwenye kandela 1,000 kwa msaada wa kuutoa mwanga ulionaswa ndani ya kioo, sawa na taa ya tyubu, lakini bluu ikichoka mapema taa nzima inageuka ya njano na mtu wa kawaida ataliona hilo kabla hajaona kwamba mwanga umepungua. Ndo maana ukiniuliza mi, nyeupe ya kuuzwa ni mseto: bluu ya florosenti, kijani na nyekundu au njano ya fosforesenti. Kundi la Forrest lilionesha mseto wa aina hiyo mwaka 2006, na runinga za OLED za LG zilizoanza kuuzwa 2013 zilijengwa kwa bluu ya florosenti na njano ya fosforesenti kwenye ghorofa tofauti.

Kwenye mseto kuna mtego mmoja. Tripleti ya bluu ya florosenti iko chini, kwa hiyo ukiiweka imegusana na kijani cha fosforesenti inamnyonya, kijani kinafifia na hujui kwanini. Unaweka tabaka jembamba la nanomita chache katikati, au unatafuta bluu yenye tripleti ya juu kidogo kama 4P-NPD yenye 2.3 ambayo inaweza hata kumlisha mwenzake wa chungwa tripleti zake zilizobaki, ila kwa kijani bado haitoshi. Kuna pia platinamu bapa zinazotoa bluu zikiwa peke yake na chungwa zikibebana, kwa hiyo dopanti mmoja anakupa nyeupe nzima, ni jambo la kupendeza sana kulitazama ila rangi inategemea mno kiasi ulichochanganya. Na wengine wameamua kuiacha nyeupe kabisa, skrini za QD-OLED zilizotoka 2022 zinatumia bluu nyuma na nukta za kwanta (chembe ndogo mno zinazobadilisha rangi ya mwanga) zinaibadilisha kuwa kijani na nyekundu, hapo mzigo mkubwa umeangukia bluu kwa hiyo ubora wa bluu yako ndo ubora wa skrini.

Vyovyote utakavyochagua fikiria ghorofa. Ukipanga vyumba viwili vya kutoa mwanga kimoja juu ya kingine unapata mwangaza uleule kwa nusu ya mkondo, volti inapanda karibu mara mbili lakini maisha yanaongezeka kuliko mara mbili, kwa sababu maisha hayashuki kwa mstari ulionyooka, ukizidisha mwangaza mara mbili maisha yanabaki theluthi au robo. Apple walitumia ghorofa mbili kwenye iPad Pro ya 2024. Hesabu hiyohiyo inakusaidia kusoma makala, mtu akikupa maisha ya kuanzia kandela 100 na mwingine ya kuanzia 1,000 usizilinganishe hivohivo, na LT50 (muda wa mwangaza kushuka mpaka asilimia 50) siyo LT95 (kushuka mpaka 95), skrini ikishuka asilimia 5 tu kwenye bluu jicho linaona alama.

Jambo dogo ambalo limewaangusha wengi: usafi. Mabaki ya bromini au klorini kutoka kwenye usanisi yanapunguza maisha ya bluu vibaya, sampuli ambayo haijasafishwa kwa kusublimishwa (kugeuzwa mvuke na kurudishwa yabisi) hata mara mbili itakudanganya kwamba molekuli ni mbaya wakati molekuli haina kosa.

Kwa hiyo kama ni skrini na unataka bluu nzito idumu, mwenyeji wa anthrasini mwenye deteria na dopanti wa boroni mwembamba kwa asilimia 1 mpaka 3, unasamehe ule uvunaji wa TADF lakini unapata rangi na maisha pamoja, hili ndo chaguo langu na sioni aibu kulisema kwa sauti. Kama umeme ndo unaokuuma zaidi, ghorofa mbili, florosenti chini platinamu juu. Kama ni taa nyeupe ya kuangazia chumba, hapo huhitaji bluu nzito hata kidogo, bluu ya anga inatosha na haiteseki sana, chukua mseto wa rangi tatu siyo mbili ili kipimo cha uhalisia wa rangi kivuke 80, maana kwa mbili ngozi za watu zinaonekana zimepauka. Na kama una nafasi ya kuagiza sampuli mbili tu za kuanzia, agiza DMAC-DPS na ν-DABNA, zijenge kwenye muundo mmoja uleule, uzipime zote mbili LT95 kuanzia mwangaza uleule, na wigo wake uuchukue siku ya kwanza na siku ya mwisho.